Tuliomwosha Singano

Vijana, juzi mlipopita hapa na ile mashine yenu ya mnyororo mkaniuliza sisi tulikuwa tunapasuaje mbao kabla ya petroli, niliwajibu, "Kwa mikono na kwa ubishi," mkacheka mkaenda zenu. Mmoja wenu alikuwa anachechemea. Nikamwuliza ana nini, akasema, "Aa, mzee, mambo ya kiume tu, yatapita." Nimekaa na neno hilo siku tatu. Hata usingizi wa mchana umenikimbia, na kwa umri wangu huo ndio starehe iliyobaki. Basi nimeamua kuwaandikia, maana nikisema kwa mdomo mtanikatiza na simu zenu.

Mimi ni Athumani. Wengine mnaniita Mzee wa Shimo, nyuma ya mgongo wangu, mkidhani sisikii. Nimepasua mbao miaka thelathini na ushee katika misitu ya juu ya Lukozi, tangu Uhuru ukiwa bado mchanga mpaka mabega yalipogoma.

Shimo lenyewe tulilichimba kwenye mteremko, kina cha mtu aliyeinua mikono. Gogo linalazwa juu yake, juu ya miti miwili. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu unapita katikati. Wa juu anafuata mstari, wa chini anakula unga wa mbao. Mstari wenyewe tuliupiga kwa uzi uliochovywa kwenye ule weusi wa ndani ya betri kuukuu za redio, umekorogwa na maji. Mkaa ulikuwa unafutika ukungu ukishuka, na kwetu ukungu haukosi. Nyinyi siku hizi mnakadiria kwa jicho, halafu mnamwambia mteja mbao imejipinda yenyewe. Haijipindi, wanangu, mmeipinda nyie.

Na msumeno hausukumwi. Unauvuta upande wako, kisha unauachia uende. Anayeusukuma anapigana na mwenzake, na wote wawili wanachoka kabla jua halijatoka kwenye miti. Hilo nilifundishwa na Fundi Singano kwa kofi la kisogoni, na sijalisahau mpaka leo.

Singano alikuwa amenizidi miaka kama kumi na mitano. Mfupi, mpana, miguu ya upinde, na mikono ambayo ukipeana naye salamu unahesabu vidole vyako. Kwa meno ya msumeno hakuwa na mpinzani. Alikuwa anapitisha tupa mara tatu kila jino, kisha anaugonga msumeno kwa ukucha na kuusikiliza, kama mtu anayegonga nazi dukani. Akisema bado, ni bado. Watu walitoka Mlalo na misumeno yao mabegani kuja kunolewa.

Kwetu Kishambaa mwanaume ni mgoshi, na neno hilo lilikuwa sifa pia. Umeinua gogo peke yako, mgoshi huyo! Shoka limekuchana ukalifunga jeraha kwa jani ukaendelea, mgoshi huyo! Singano aliitwa hivyo na kila mtu, hata na watoto. Mimi mara ya kwanza niliitwa nilipoanguka shimoni nikatoka bila kulia, na hiyo nilitembea nayo mwaka mzima.

Sasa nisikilizeni sheria ya shimo letu, maana ndiyo iliyotufikisha pabaya. Sijui ilianzishwa na nani. Wapasuaji wote wa upande ule walikuwa nayo. Mkiwa kazini, yule anayesema wa kwanza "tupumzike" ndiye anayepika siku hiyo, na ndiye anayeitwa bibi harusi mpaka kesho yake. Anaosha vyungu, anateka maji, na akileta chakula anatakiwa apige goti. Wachukuzi wa mbao wakipita wanampigia vigelegele. Ilikuwa furaha kubwa, nisiwadanganye. Tulicheka mpaka machozi. Lakini kila mtu alikuwa tayari kutapika damu kuliko kulitamka neno lile wa kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa bibi harusi karibu kila siku. Bada langu, ule ugali wa muhogo, lilikuwa na mabonge ya kujengea msingi wa nyumba. Singano analimega, analitazama, anasema, "Bibi harusi, kwenu walikufunza nini?" Basi nikakaza roho. Siku moja niliinua uso shimoni bila kofia, unga wa mbao ukanijaa macho yote mawili. Nikakataa kusema. Nikavuta msumeno kipofu mpaka gogo likaisha. Kufika nyumbani macho yamevimba hayafunguki, mama yangu akaniombea maziwa kwa jirani aliyekuwa ananyonyesha, nikadondoshewa machoni kama kitoto. Habari hizo zilifika shimoni kabla yangu. Lakini Singano alinipiga bega akasema, "Hukusimama. Umekuwa mgoshi." Nilifurahi, mpumbavu mimi, jicho moja likiwa bado halijafunguka vizuri.

Ikaja miaka ya Ujamaa. Kijiji kikaamua kujenga zahanati kwa nguvu zetu wenyewe. Wanawake walibeba mchanga na maji, wanaume mawe, na mimi na Singano tukapewa mbao zote, za kenchi, milango na madirisha. Mwenyekiti wetu alipenda mikutano. Alisimama akatuambia katika Ujamaa mwanamke na mwanaume ni sawa, jembe halina jinsia. Tukapiga makofi ya nguvu, tukarudi shimoni tukaendelea kuitana bibi harusi.

Siku hiyo tulikuwa na gogo la mkulo, mti ule unaonuka kama kafuri. Mimi juu, Singano chini. Saa nne hivi asubuhi nikasikia kutoka shimoni, "Athumani, tusimame kidogo."

Sikuamini. Miaka yote ile hakuwahi kulisema. Nikauacha msumeno ndani ya gogo, nikarukaruka pale juu, nikapiga vigelegele mpaka wachukuzi wa ng'ambo ya korongo wakaitikia. "Bibi harusi! Jamani njooni, leo bibi harusi ni Fundi!" Nilicheza ngoma nzima peke yangu juu ya gogo. Nikachungulia nimtanie zaidi.

Alikuwa amelala chali kwenye unga wa mbao, miguu ameiegemeza juu kwenye ukuta wa shimo, shuka ameiinua, anabonyeza kinena kwa kiganja. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Chini ya kiganja nikaona uvimbe, mkubwa kama yai la bata, nao ukawa unazama taratibu, ukarudi ndani. Akavuta pumzi. Akanitazama.

"Umeona?"

"Nimeona, Fundi."

"Ni ngiri. Inatoka, inarudi. Ina mwaka wa nne sasa."

Nikashuka nikakaa naye. Nikamwambia twende hospitali Lushoto, nimesikia wanakata na baada ya wiki chache mtu yuko shambani. Akacheka kile kicheko cha pua. "Wakikukata pale, unarudi si mwanaume. Nani atanivulia kofia? Nimelala mbali na mke wangu mwaka wa pili huu asije akaigusa. Anadhani nina mwanamke Lukozi. Afadhali adhani hivyo."

Akanishika mkono akauweka juu ya bapa la msumeno. "Apa. Hutamwambia mtu. Na mwanamke ndiyo kabisa."

Nikaapa. Na jioni ile alipika, akapiga goti akaniletea chakula, kwa sababu sheria ni sheria. Mimi nilikula. Sikumwambia ainuke. Mpaka leo nikikumbuka lile goti naona haya, nyie hamjui tu.

Tangu hapo nikawa mlinzi wake. Magogo mazito niliinua mimi, watu wakitazama tunajifanya anayainua yeye. Alijifunga mpira wa baiskeli kiunoni, umekatwa kwa ustadi, na pedi ya gunia inayokandamiza pale mahali. Fundi ni fundi. Ukilegea naukaza. Nilijiona mtu mkubwa sana kushirikishwa siri ya namna ile. Hivi ndivyo wanaume wanavyopendana, nilisema moyoni.

Zahanati ikaisha, ikapakwa chokaa, na serikali ikatuletea muuguzi. Nani? Zaina. Msichana wa Mlalo, aliyeolewa na Hemedi, mtoto wa kwanza wa Singano. Hemedi mwenyewe alikuwa kibaruani kwenye mkonge, huko chini Korogwe, na Zaina aliomba apangiwe kazi kijijini kwa mumewe. Mganga tuliyeahidiwa alikuwa bado hajaja. Alikuwepo Zaina na mama mmoja mfagizi, basi.

Nyie mmezaliwa juzi, wakwe zenu mnapiga nao picha. Wakati ule baba mkwe na mke wa mwanawe walikuwa kama moto na petroli. Hawali chungu kimoja, hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja. Singano akimwona Zaina anakuja njiani alikuwa anakata kona anaingia kwenye mahindi, na Zaina naye anageuza uso, anapiga goti na kusema "Shikamoo baba" akiyaelekea mahindi. Kwa hiyo zahanati ile, aliyoipasulia kila ubao kwa mikono yake, Singano hakuweza kuikanyaga hata kwa kikohozi. Tulikuwa tunacheka naye. Alisema, "Nimejijengea gereza, nikabaki nje."

Zaina alikuwa na jicho. Siku moja alinifuata kisimani. Mimi aliniita baba mdogo, kwa kuwa nilikuwa kama ndugu wa mkwewe, ila heshima yetu ilikuwa nyepesi kidogo, angeweza kuongea nami ametazama pembeni.

"Baba mdogo, baba anatembea kama mtu aliyebeba kitu. Ana nini?"

"Mguu uliteguka," nikasema. "Gogo lilimteleza."

"Mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia. Hapana, wa kushoto." Akanitazama usoni mara moja, jambo ambalo halikuwa desturi, akachukua ndoo yake akaenda.

Ilikuwa masika. Tulikuwa msituni tukipasua mbao za shule, asubuhi, mvua imekatika. Singano alitoka shimoni peke yake bila kusema neno, akaenda nyuma ya mti. Nikangoja. Nikaenda. Alikuwa amelala miguu juu, anabonyeza, anabonyeza. Haikurudi. Uvimbe ulikuwa mgumu, ngozi imekuwa nyekundu. Akatapika. Tulijaribu mpaka adhuhuri, mimi nikimshika miguu, yeye akibonyeza na kuuma kipande cha shuka. Kisha nikamteremsha mpaka kwake, amenining'inia begani, na kila tulipokutana na mtu alijinyoosha na kuamkia.

Mkewe, Mama Hemedi, alipomwona alipiga ukelele. Singano akasema ni tumbo, amefunga choo, basi. Akalala kifudifudi sakafuni, hakutaka kuguswa. Mama Hemedi akanigeukia. "Shemeji, kimbia kwa Zaina ulete dawa."

Nilipokuwa natoka Singano aliniita. Alinishika kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu naye. "Umeapa," akasema.

Zaina alikuwa anafunga zahanati. Aliponiona akafungua tena. Nikamweleza kwamba baba ana tumbo, hajapata choo tangu jana, anaomba dawa. Akaanza kuniuliza, akitazama meza.

"Anatapika?"

"Hapana."

Nikaona anakunja pindo la kanga kwenye kidole. Jamani, mjue ni mkwe huyo, anamwulizia baba mkwe. Swali lile kulitoa mdomoni ilikuwa kama kuvua nguo sokoni. Lakini alilitoa.

"Baba mdogo, ana uvimbe kinenani?"

Nilikuwa na kila kitu. Mtu mbele yangu aliyesomea kazi hiyo, swali lenyewe kabisa, mchana mweupe, na barabara ya Lushoto bado inapitika. Kulikuwa na lori la viazi Lukozi, nililiona kwa macho yangu. Nilitakiwa kusema neno moja.

"Hapana," nikasema.

"Naomba nije nimwone mwenyewe."

"Utamwona vipi mkweo? Atakufa kwa aibu."

Zaina akafungua kabati akatoa haluli, ile chumvi ya kuharisha, akapima kwenye karatasi. "Kama ni kufunga choo tu, hii itamsaidia. Lakini akitapika hata mara moja asinywe. Mumlete, iwe mvua iwe jua, hata kama hataki. Umenisikia, baba mdogo? Asinywe."

"Nimesikia."

Nikampelekea Singano, nikamwambia hayo yote, na jinsi Zaina alivyouliza. Akasema, "Ukamwambia nini?" Nikasema nimemwambia hapana. Akanikazia macho, akasema, "Mgoshi." Kisha akaikoroga haluli mwenyewe akainywa, wakati ndoo ya matapishi iko chini ya kitanda, nimeisukuma mimi kwa mguu ili mkewe asiione.

Sitawaeleza yaliyofuata. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa misheni alinifafanulia. Utumbo ulikuwa umenyongwa, na kumpa mtu huyo dawa ya kuharisha ni kama kufunga mlango wa nyumba inayoungua halafu ukaongeza kuni ndani. Hata hivyo, akasema, bila kisu angekufa tu. Na akikatwa mapema angepona. Nikamwuliza ni kazi ngumu? Akasema ni kati ya kazi rahisi walizo nazo.

Kesho yake asubuhi tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, na Singano hakubisha tena. Lori la viazi lilikuwa limeondoka zamani. Mvua ya usiku ilikuwa imekula barabara. Tulitengeneza machela kwa miti miwili na magunia, tukambeba wanaume wanane kwa zamu, kuelekea Lushoto. Tope lilifika magotini. Zaina alifuata nyuma, mbali, kwa ajili ya ule ukwe, na mkoba wake wa kazi kichwani. Mara mbili alipaza sauti tusimame ampime, na mara mbili Singano alitikisa kichwa, nasi tukaendelea.

Mahali fulani kwenye ile miti ya misindano aliniita. Nikainama.

"Wanaonibeba ni wanaume wote?"

"Wote, Fundi."

"Vizuri," akasema. Hatukuwa tumefika nusu ya njia alipokata roho. Tuligeuza machela pale pale, na Zaina akakaa pembeni ya barabara, kwenye majani yenye maji, amejifunika kanga mpaka kichwani.

Hemedi alikuwa bado hajafika, hivyo kuosha maiti kukatuangukia sisi wanne: mimi, mwalimu wetu wa madrasa, na wapasuaji wenzetu wawili. Nilipofungua ule mpira wa baiskeli, wote wakaona. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kilichomwua. Mmoja wao akasema polepole, "Kumbe." Mwalimu akatukumbusha kwamba mwenye kuosha maiti husitiri alichokiona. Tukaitikia. Ni jambo la haki hilo, mwili wa marehemu si wa kusimuliwa. Tukaosha, tukakafini, tukakaza mafundo. Mpira niliuficha ndani ya shati langu nikautupa korongoni.

Huko nje wanawake walikuwa wameshaanza. Mama Hemedi alilia kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili. Jana alikuwa na tumbo tu! Amekunywa dawa ya mkwe wake, leo nazika! Mpaka tunatoka na jeneza, kijiji kizima kilikuwa na hadithi moja. Wengine walisema amekosea dawa. Wengine wakasema hakukosea, alikuwa na kinyongo na mkwewe anayemkimbia njiani.

Siku ya arobaini Hemedi aliitisha kikao cha ukoo. Zaina aliwekwa katikati, kwenye mkeka, peke yake. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa kuwa ndiye niliyefuata dawa. Wale wenzangu watatu walikuwepo pia, wameketi mstari mmoja na wazee.

Hemedi akauliza, "Baba mdogo, ulipewa dawa na huyu?"

"Ndiyo."

"Dawa gani?"

"Haluli."

"Baba akainywa, akafa."

"Ndiyo."

Kila nililojibu lilikuwa kweli. Nilimtazama mwalimu, akatazama vidole vyake. Nikawatazama wale wawili, mmoja alikuwa anachora chini kwa kijiti. Wanaume wanne tulikuwa na jibu moja vifuani, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake awe wa kwanza kulisema.

Zaina akainua uso. Akanitazama mimi, machoni, mbele ya ukoo mzima.

"Baba mdogo, siku ile nilikuuliza nini?"

Hata kuku nadhani walisimama. Niliwaza kiapo, niliwaza sitara ya maiti, niliwaza watu watakavyosema Singano, yule mgoshi, kumbe alikuwa hivi. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa wangeniuliza mimi nilijibu nini.

"Sikumbuki," nikasema.

Akapewa talaka yake pale pale. Alifunga mkoba, akaacha ufunguo wa zahanati kwa mwenyekiti, akaenda kwao Mlalo kwa miguu. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa na mimba changa. Ilipojulikana, Hemedi alisema asiletewe mtoto wa aliyemwua babake, na hakuwahi kumtia machoni. Zahanati ilikaa bila muuguzi muda mrefu. Wake zetu walijifungulia njiani, wengine hawakufika.

Nilirudi shimoni na mshirika mwingine. Mwalimu alifariki. Kabla hajafa aliniita akaniambia, "Athumani, sitara ni kwa ajili ya aibu ya maiti, haikuwekwa imwonee aliye hai. Nilijua. Nikanyamaza kama wewe." Wale wawili nao wakatangulia. Hemedi akafia Tanga, nami nilikuwa nimepanga mwaka hata mwaka kwenda kumwambia, na kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Nikabaki peke yangu na jambo lile, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikufa naye hajui kwa nini nilikuwa naamka alfajiri nikikaa tu ukingoni mwa kitanda.

Ndipo nikaenda Mlalo. Nilishamaliza kazi, mikono ilishaanza kutetemeka. Nikaulizia nikaonyeshwa nyumba yenye miforosadi uani. Zaina alikuwa anachambua maharage barazani, mvi zimejaa. Aliinuka kidogo, akasema shikamoo baba mdogo, akanipa kigoda. Sikuweza kuanza kwa habari za safari. Nikasema yote, kwa mfululizo, nimetazama ungo wake. Uvimbe, kiapo, lile swali, ile ndoo niliyoisukuma kwa mguu, tulichokiona tulipomwosha.

Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile kwenye machela. Nilivyoona alivyokunja mguu mmoja. Kwenye kikao nilikuuliza si kwa sababu nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nakupa nafasi."

"Nisamehe, mama."

"Mimi sina neno tena, baba mdogo. Nimechoka nalo. Lakini yuko mtu nina deni naye."

Akaita ndani. Akatoka mwanaume wa makamo, mfupi, mpana, miguu ya upinde. Nusura nianguke kwenye kigoda. Aliniamkia kwa heshima, akachuchumaa mbele yangu. Zaina akamwambia, "Hashimu, huyu ndiye aliyekuwa anafanya kazi na babu yako. Umekua ukiambiwa na watoto wa watu kwamba mama yako ni muuaji. Mwulize babu yako alikufa kwa nini."

Akaniuliza. Nikamwambia. Nilisema kila kitu kwa mara ya pili, safari hii nikimtazama machoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama mikono yake, ile mikono mipana. Nilitegemea atanipiga, na nisingejikinga.

"Ngiri tu, babu?" akasema.

"Ngiri tu," nikasema.